Jometri ya sekondari haitosheki na jibu, inadai sababu

Mwanafunzi anayemaliza darasa la saba huwa ameshazijua pembetatu, mraba, mstatili na duara, anaweza kutafuta eneo na mzingo, na mara nyingi anaikumbuka kanuni ya Pythagoras bila kufungua kitabu. Anapoingia Kidato cha Kwanza na kukutana na jometri ndani ya somo la Hisabati, hudhani kwamba atarudia mambo yale yale kwa namba kubwa zaidi na kwa Kiingereza. Ninafundisha somo hili, na ninaamini kwamba dhana hiyo inawaumiza wanafunzi wengi kuliko ugumu wa mada zenyewe. Shule ya msingi ilimuuliza pembe hii ina nyuzi ngapi. Sekondari itamuuliza amejuaje.

Tuchukue ukweli ambao kila mtoto anaufahamu, kwamba pembe tatu za ndani za pembetatu zina jumla ya nyuzi 180. Katika shule ya msingi, mtoto huchora pembetatu kwenye karatasi, huzichana pembe zake tatu na kuzipanga pamoja mpaka zikae juu ya mstari mnyoofu. Ni zoezi zuri na sitamani mwalimu yeyote aliache. Hata hivyo, anayepima kwa kipimapembe atapata 179 leo na 181 kesho, na hata kama angepata 180 kila mara, atakuwa amepima pembetatu chache tu ilhali pembetatu hazina idadi. Sekondari hufuata njia nyingine kabisa: hupitisha kwenye kilele cha pembetatu mstari ulio sambamba na kitako chake. Pembe mbili zinazotokea kushoto na kulia kwa kilele ni pembe mbadala za zile mbili za kitako, yaani zimekaa pande tofauti za mstari unaoikata mistari miwili sambamba, kwa hiyo zinalingana nazo. Na kwa kuwa pembe zote tatu zilizokutana hapo kileleni zimelala upande mmoja wa mstari mnyoofu, jumla yake ni nyuzi 180. Hakuna kilichopimwa, na hoja hiyo moja inazitosha pembetatu zote, ziwe kubwa au ndogo, kali au butu. Mwanafunzi aliyeielewa ameshajua somo linataka nini kwake. Aliyeambiwa akariri 180 ili darasa lisonge mbele atakuwa anakariri mpaka Kidato cha Nne.

Pembe mbadala hizo hizo ndizo alizozitegemea Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alipokadiria mzingo wa dunia akiwa Aleksandria, nchini Misri. Katika siku ndefu kuliko zote za mwaka, saa sita mchana, jua lilikuwa karibu utosini kabisa huko Syene, mahali ambapo leo panaitwa Aswani, lakini Aleksandria kivuli kilionyesha kwamba lilikuwa limeinama kutoka utosini kwa takriban nyuzi 7.2. Kwa kuwa miale ya jua inatufikia ikiwa karibu sambamba, pembe hiyo ya kivuli inalingana na pembe iliyopo katikati ya dunia kati ya miji hiyo miwili, na nyuzi 7.2 ni sehemu moja ya 50 ya duara zima. Kilichobaki ni kuuzidisha umbali wa miji hiyo mara 50. Ningependa kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ayasikie haya katika wiki ile ile anapofundishwa mistari sambamba, kwa sababu mada hiyo hufundishwa kana kwamba haina kazi yoyote zaidi ya kujaza nafasi za x na y kwenye mchoro.

Mkebe wa vifaa nao utabadilika matumizi. Mwanafunzi ataagizwa aigawe pembe katika sehemu mbili sawa kwa bikari na rula peke yake, na atajiuliza kwa nini asitumie kipimapembe amalize. Jibu la swali hilo hulipata Kidato cha Pili, katika mada ya pembetatu zinazolingana, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kitovu cha jometri yote ya sekondari: zile alama za bikari huunda pembetatu mbili zenye pande tatu zilizo sawa, na kwa hiyo pembe zake pia ni lazima ziwe sawa.

Hapo ndipo mwanafunzi ataanza kuandika uthibitisho, yaani mlolongo wa sentensi ambamo kila mstari unabeba sababu yake: upande huu ni sawa na ule kwa sababu tumepewa, pembe hizi ni sawa kwa sababu zinatazamana mistari miwili inapokatana, upande huu ni wa pembetatu zote mbili. Atajifunza ni taarifa zipi zinatosha kusema kwamba pembetatu mbili zinalingana kwa kila hali, na atakutana na onyo ambalo wengi hulikariri bila kuliamini, kwamba pande mbili na pembe isiyo kati yake hazitoshi. Onyo hilo halihitaji kukaririwa. Achore pembe ya nyuzi 30, apime sentimita 8 kwenye mkono wake mmoja, kisha aweke ncha ya bikari mwishoni mwa hizo sentimita 8 na kuzungusha bikari iliyofunguliwa sentimita 5. Alama ya bikari itaukata mkono wa pili mahali pawili, na mbele yake zitakuwapo pembetatu mbili tofauti zilizotokana na vipimo vile vile. Sijaona maelezo ya ubaoni yanayoushinda mchoro huo.

Lakini mchoro huonyesha tu pa kutazama, hautoi hukumu. Mwanafunzi atapoteza alama kwa kuandika kwamba pande mbili ni sawa kwa sababu zinaonekana sawa, na mzazi asidhani kwamba mwalimu amemwonea. Wapo pia wanaozipoteza wakiwa na hoja sahihi kichwani, kwa kukosa sentensi ya Kiingereza ya kuibeba. Kwa hao ninashauri jambo ambalo baadhi ya walimu wenzangu hawalikubali: aruhusiwe kwanza kuieleza hoja yake kwa Kiswahili, mbele ya wenzake, mpaka isimame, ndipo aiandike kwa lugha ya mtihani. Mtoto anayezuiwa kufikiri kwa lugha anayoimudu atakimbilia kukariri, na jometri iliyokaririwa haidumu.

Kanuni ya Pythagoras itarudi, ikiwa na uzito ambao darasa la saba halikuuona. Fundi anapopanga msingi wa nyumba hupima sentimita 60 upande mmoja wa kona na 80 upande wa pili, kisha hurekebisha kamba mpaka umbali kati ya alama hizo mbili ufike mita moja, akajua kwamba kona yake ni mraba, yaani ya nyuzi 90. Kwa kweli fundi huyo anatumia kinyume cha kanuni tuliyoizoea. Kanuni inasema kwamba pembe ikiwa ya nyuzi 90, kipeo cha pili cha upande mrefu ni jumla ya vipeo vya pili vya pande nyingine mbili. Yeye anaanzia kwenye pande na kuhitimisha kuhusu pembe. Kauli zote mbili ni kweli, lakini kila moja inahitaji uthibitisho wake, kwa sababu zipo kauli nyingi za kweli ambazo kinyume chake ni uongo. Mraba una pande nne sawa, lakini si kila umbo lenye pande nne sawa ni mraba. Kuzitenganisha kauli hizi mbili ni faida kubwa ambayo somo hili humpa kijana wa miaka 15, hata asipokusudia kuwa mhandisi.

Kidato cha Tatu huleta duara na dunia kama tufe. Katika mada ya pili, swali lililozoeleka ni umbali kati ya Tabora na Tanga, miji iliyo karibu kabisa na latitudo ya nyuzi 5 kusini, mmoja kwenye longitudo 33 na mwingine 39 mashariki. Anayekariri hukokotoa kana kwamba miji hiyo iko kwenye ikweta. Anayeelewa hukumbuka kwamba duara la latitudo 5 ni dogo kuliko ikweta, hutafuta kosaini ya nyuzi 5, yaani namba inayoonyesha duara hilo ni sehemu gani ya ikweta, kwenye majedwali, kwa kuwa kikokotoo hakiruhusiwi katika mtihani wa taifa, na hupata takriban kilomita 664.

Mzazi ambaye hakufika sekondari anaweza kusaidia katika haya yote. Alichukue daftari la mwanawe jioni, aweke kidole kwenye mstari wowote wa uthibitisho na kumuuliza mstari huo umetoka wapi. Mtoto akijibu kwamba mwalimu ndivyo alivyoandika ubaoni, kesho yake arudi kwa mwalimu na swali hilo hilo.