Binadamu ni bin Adamu

Neno "binadamu" tunalitamka kutwa bila kulisikiliza. Ni bin Adamu, mwana wa Adamu. Mimi lilinigonga sikioni siku niliyosoma Mishna, mkusanyo wa sheria simulizi za Kiyahudi uliokamilika yapata mwaka 200.

Katika kitabu chake kiitwacho Sanhedrini kuna swali: kwa nini mwanzoni aliumbwa mtu mmoja tu? Jibu mojawapo ni kwamba asije mtu akamwambia mwenzake, "Baba yangu ni mkubwa kuliko baba yako." Kisha unaletwa mfano wa sarafu. Mwanadamu hupiga sarafu nyingi kwa chapa moja, zote zikafanana. Mungu amepiga watu wote kwa chapa ya Adamu, na hakuna aliye sawa na mwenzake.

Maneno haya hunukuliwa sana kwenye hotuba tamu. Kinachosahaulika ni mahali yaliposemwa: mahakamani, kwa mashahidi wa kesi ya kifo, kabla hawajafungua kinywa. Kesi ya mali, waliambiwa, kosa lake hulipika kwa fedha. Hapa mtadaiwa damu ya mtu na ya vizazi ambavyo angevizaa. Anayeangamiza nafsi moja ni kama ameangamiza ulimwengu mzima. Waislamu wanaijua hii: Sura Al-Maida, aya ya 32, inasema ndivyo walivyoandikiwa Wana wa Israili. (Zipo nakala za Mishna zinazosema "nafsi moja ya Israeli". Kwangu mimi hoja yenyewe inazikataa. Adamu hakuwa Myahudi.)

Rabi Akiva, mwalimu wa sheria za Kiyahudi wa enzi hizo za Mishna, alishikilia kuwa kanuni kuu ya Torati ni "umpende jirani yako kama nafsi yako". Ben Azai, mwanachuoni mwenzake, akasema ipo iliyo kubwa zaidi, mstari wa kitabu cha Mwanzo: "Hiki ndicho kitabu cha vizazi vya Adamu." Yaani sote ni ukoo mmoja. Zamani ningesimama na Akiva, nani asiyependa upendo? Siku hizi niko na Ben Azai. Upendo hupanda na kushuka, na neno "jirani" lina mlango wa nyuma: huyu si jirani yangu, huyu ni wa kabila lile. Ukoo haufutiki kwa kununa.

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp ilitua tuhuma nzito juu ya familia moja ya mtaani, haina shahidi hata mmoja. Nilikuwa nimeshachagua watu wa kuwatumia. Nikawakumbuka wale mashahidi, nikaifuta. Aliyeituma ni mjomba, na sikumwambia kitu.