Hesabu ya Boriti

Mgeni akifika Bagamoyo kwa mara ya kwanza, picha anayoondoka nayo mara nyingi ni ya Boma la Mjerumani, jengo la ghorofa la mwaka 1897 lenye ukuta wa juu uliokatwakatwa kama meno. Si refu. Minara ya simu inalipita kwa mbali, lakini sijasikia mtu akiutambua mji kwa mnara wa simu.

Naamini jengo huwa alama ya mji pale umbo lake linapotokana na namna linavyobeba uzito wake, wala si kwa pambo lililobandikwa juu. Mnara wa Eiffel mjini Paris, uliofunguliwa mwaka 1889, umepanuka chini kwa sababu wahandisi wake waliukokotoa dhidi ya nguvu ya upepo. (Matao yale ya chini, nakiri, mengi ni urembo.)

Kwetu pwani, aliyepiga hesabu ni mkoko. Boriti yake, ikibebeshwa sakafu nzito ya matumbawe na chokaa, haiwezi kuvuka nafasi inayozidi sana mita 3, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe vikawa virefu na vyembamba. Ingia katika gofu lolote la Mji Mkongwe utazame juu: boriti zimelala karibu karibu, nyeusi, ncha zake zimezama ndani ya kuta nene, na madaka, milango na hata baraza la nje vimefuata kipimo hichohicho. Kwa hiyo mtaa mzima unafanana kama watoto wa tumbo moja, ingawa hakuna ofisi iliyoamuru hivyo.

Hapo ndipo ninapogombana na ukarabati wetu. Ukuta wa mbele wa nyumba ya marehemu bibi yangu ulipoanza kumung'unyika, fundi alishauri tupige lipu ya saruji, nasi tukakubali upesi, maana chokaa ya kuchoma na kuloweka ingetuchelewesha miezi. Chokaa huuachia unyevu njia ya kutoka. Saruji huufungia ndani. Baada ya masika mawili lipu ilitoa chumvi nyeupe, ikavimba, na ilipodondoka iling'oka na vipande vya matumbawe vilivyokuwa bado vizima. Siwezi kumlaumu fundi peke yake, kwani sisi ndio tuliokuwa na haraka. Boma lenyewe sehemu yake ilianguka kwa mvua za El Niño, kwa hiyo si kwamba hatukuonywa kuhusu maji.

Wakati huohuo, majengo mapya yanayochipuka kwenye barabara ya kuelekea Dar es Salaam yamevishwa vioo vya buluu na nguzo nene za mbele, ambazo ukizifuata kwa macho hadi juu unakuta hazibebi chochote. Juzi niliigonga moja kwa kidole, ikaitika kama debe.