Sindano ya puru kwa watoto: ichomwe lini?

Mtoto mdogo akijikamua chooni, kipande cha mwisho cha utumbo, yaani puru, huweza kuchomoza nje kama nyama nyekundu. Mara nyingi hurudi chenyewe akisimama. Kisiporudi, mama hukisukuma taratibu kwa kidole chenye mafuta. Mzazi wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ambaye hospitali ya King Fahd pale Amu (mji wa Lamu) ni safari ya boti, akisikia kuna sindano ya kumaliza kero hii, hawezi kulaumiwa akiitaka leo leo.

Sindano yenyewe si uzushi. Mtoto hulazwa kwa nusu kaputi, dawa ikachomwa chini ya utando wa puru au kandokando yake. Dawa ile huchokoza mahali pale makusudi. Panapopona hubaki kovu, na kovu ndilo linaloishikilia puru isiteleze. Hakuna kupasuliwa, na wengi hupona kwa sindano moja, wachache wakahitaji ya pili.

Tatizo ni kwamba wengi wangepona hata bila hiyo. Kati ya mwaka 1 na miaka 4 mfupa wa nyuma ya puru haujajipinda vizuri na nyama zinazoishika bado ni legelege. Umri hurekebisha yote mawili. Kinachoichomoza puru mara nyingi ni choo kigumu, kuharisha kusikokoma, minyoo au utapiamlo, na sindano haitibu hata kimoja. Tena si kila kinachochomoza ni puru: huenda ikawa kinyama kilichoota ndani, ambacho matibabu yake ni mengine kabisa.

Halafu kuna swali ambalo wazazi hatuliulizi: ni dawa gani? Fenoli iliyochanganywa na mafuta ya lozi imetumika miaka mingi, lakini imewahi kuleta majipu na vidonda. Wapo wapasuaji wanaotumia spiriti, maji ya sukari ya asilimia 50 au ya chumvi kali. Mimi ningeuliza kabla ya kutia sahihi.

Na umbali ni msumeno. Unamsukuma mzazi amalize kwa safari moja, ilhali mtoto akipata homa au akishindwa kukojoa baada ya sindano, safari ni ile ile, pengine usiku, kusi likivuma.

Kwa maoni yangu, aliye chini ya miaka 4 alainishiwe choo kwanza, apewe dawa ya minyoo, akalishwe kwenye poti miguu ikigusa chini, asiachwe hapo muda mrefu. Apewe miezi kadhaa. Aliyepita umri huo, au ambaye kila akienda haja lazima arudishwe kwa mkono huku akilia na kutoka damu, huyo sindano ni haki yake kabla ya kisu. Ila puru ikikataa kurudi, au ikigeuka rangi ya zambarau, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Hapo hakuna cha kusubiri boti ya asubuhi.