"Kwangu Inafunguka Vizuri"

Kila mteja anayeniletea PDF ya kuchapa husema neno hilohilo: kwangu inafunguka vizuri. Namwamini. Ila faili kufunguka vizuri kwenye kompyuta iliyolitengeneza si ushahidi wa chochote.

Nimejifunza kwa hasara. Kilikuwa kijitabu cha kurasa 48, nimekipitia kwenye skrini ukurasa mmoja mmoja mpaka macho yakawa mekundu. Kufika mashineni, vichwa vyote vimetoka kwa herufi nyingine, maneno yanasukumana kuelekea ukingoni. Fonti haikupachikwa ndani ya faili. Kompyuta yangu ilikuwa nayo, ya mchapaji haikuwa nayo, ikaazima ya jirani. Karatasi na wino nikalipia mimi.

Siku hizi silifungui faili kabla ya kulihoji. Naandika amri ya pdffonts na jina la faili, linatoka jedwali, nakwenda moja kwa moja kwenye safu ya emb, inayosema kama fonti imepachikwa. Nikikuta "no", faili linarudi kwa mwenyewe. Pdfinfo hunipa vipimo vya ukurasa kwa pointi, 72 kwa kila inchi: 595 kwa 842 ni A4, lakini 612 kwa 792 ni Letter ya Kimarekani, na kwenye skrini nani atazitofautisha? Kisha pdfimages -list: ile nembo iliyotumwa kwa WhatsApp ikavutwa hadi ijae kava inasoma nukta 60 na kitu kwa inchi, ilhali mchapaji anataka 300. Programu zote tatu ni za bure, zimo katika kifurushi cha Poppler. Nimezifunga kwenye skripti fupi. Faili 100 zinapita chai ikiwa bado ya moto.

Wanaonichosha ni wale wa "hii ni PDF/A, usiwe na wasiwasi". Kiwango hicho cha kuhifadhia nyaraka kipo tangu 2005, sawa, lakini faili hujitambulisha kuwa PDF/A kwa mistari michache ya metadata (maelezo yaliyofichwa ndani ya faili) ambayo yeyote anaweza kuibandika. Lipitishe kwenye veraPDF, programu inayokagua kanuni baada ya kanuni, uone lebo ngapi zinaanguka.

Nami nisijitape. Majuzi kadi za harusi zilipita vipimo vyote: fonti zimo, picha safi, ukubwa sawasawa. Jina la bibi harusi lilipungua herufi moja. Mama yake ndiye aliyeiona, kadi 300 zikiwa tayari kwenye bahasha.