Bajeti ya Mpondwe-Lhubiriha ifuate kalenda ya mto

Mpondwe-Lhubiriha ni mji mdogo wa wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, pale barabara inayotoka Kikorongo inapofika mpakani. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo. Sokoni Mkonzo wa Kasese, Mnande wa Kongo na mchuuzi aliyetoka Kampala wanapatana bei kwa Kiswahili. Soko, ushuru na barabara vyote vimejengeka kandokando ya maji, kwa hiyo halmashauri inayopanga mambo bila kuutazama mto inapanga hasara.

Lhubiriha hushuka kutoka milima ya Rwenzori na kuishia Ziwa Edward. Safari ni fupi na mteremko ni mkali. Mvua ikinyesha milimani, maji yanaweza kujaa mjini huku jua likiwaka, na mtu anayetazama mawingu ya juu ya soko hapati onyo lolote. Maji hayo hayaji peke yake. Huteremsha udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni, magogo, na mawe ambayo watu kumi hawawezi kuyasukuma. Mteremko ukipungua, maji hupoteza nguvu na kuuacha mzigo huo palepale mjini. Kitako cha mto huinuka kila msimu, hadi mvua ya kawaida inatosha kuufanya uache njia yake. Mei 2020 ulivunja kingo, kama ilivyofanya mito mingine ya Kasese.

Sasa tazama kalenda ya serikali. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, na fedha hutolewa kwa robo, yaani kila miezi mitatu. Mvua kubwa huku kwetu ni za Machi hadi Mei, kisha Agosti hadi Novemba. Miezi ya kuingiza mashine mtoni ni Januari na Februari. Kazi ikisubiri robo ya mwisho, mkandarasi anakabidhiwa eneo Aprili au Mei, anachimba ndani ya maji, tope linarudi usiku huohuo, na tarehe 30 Juni fedha ambazo hazijatumika zinarudi hazina kuu. Hapo hakuna aliyeiba hata shilingi, na bado mto haujasafishwa.

Ndiyo maana nasema zabuni ya kusafisha mto itangazwe robo ya kwanza, mkataba usainiwe kabla ya Desemba, mashine iingie Januari. Na mkataba utaje mawe yatapelekwa wapi. Yakirundikwa ukingoni, mafuriko ya kwanza huyarudisha yalikotoka. Yatumike kujaza masanduku ya waya ya kukinga ukingo, na masanduku yenyewe yaanzie chini ya kitako cha mto. Yakiwekwa juu ya mchanga, maji huuchimba mchanga huo na ukuta mzima hulala.

Ombi la kusafisha mto linaanzia chini, kwenye mabaraza ya mitaa (LC, Local Council). Seli ni LC1, kata ni LC2, halmashauri ya mji ni LC3, wilaya ni LC5. Kamati ya LC1 ina watu kumi, na mmoja wao anashughulikia mazingira. Huyo ndiye wa kubanwa. Kikao cha seli kikae mapema, muhtasari uandikwe, usainiwe, na nakala ifike kwa karani wa mji, mtendaji mkuu wa halmashauri, kabla mikutano ya kupanga bajeti haijaanza, kwenye Oktoba hivi. Malalamiko ya mdomo siku ya mafuriko hayaingii kwenye bajeti, maana bajeti ya mwaka unaofuata hupitishwa kufikia mwisho wa Mei.

Kuna pia ukanda wa ulinzi. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 za kulinda kingo za mito zinataka mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine, zikipimwa kutoka alama ya juu kabisa ya maji. Wengi hupimia maji ya kiangazi, na hapo ndipo nyumba na vibanda vinapoingia mtoni bila wenyewe kujua. Halmashauri ipande nguzo za zege mahali panapoonekana, kisha mianzi na mabingobingo nyuma yake. Nguzo ziwekwe kabla ya kuidhinisha ramani za majengo mapya, kwa sababu kumhamisha mtu aliyekwisha kujenga ni gharama na ni uchungu, na mimi sioni haki kumbomolea mtu ambaye hakuonyeshwa mpaka.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba udongo unaotujaa hautoki mjini. Unatoka kwenye magombolola ya juu, yaani maeneo ya utawala ya milimani, ambako karani wa mji hana amri. Sehemu ya ushuru wa soko ingelipa miche na makinga maji kwenye mashamba ya huko, na ingekuwa rahisi kuliko kukodi mashine kila mwaka. Na kwa kuwa mto ndio mpaka wa nchi, kujenga ukuta upande wetu tu kunasukumia maji Kasindi, nao wakijenga wao yanaturudia. Kabla ya sanduku la kwanza kujazwa mawe, wilaya iwaite wakuu wa ng'ambo wakubaliane mstari wa kingo zote mbili.