Walioondoka Afrika tunawajua, waliobaki je?

Ile ramani ya binadamu wa kale walivyosambaa duniani mnaijua. Afrika iko katikati, alafu mishale inatoka huku kwetu mashariki kwenda Uarabuni, India, Australia, Ulaya, mpaka Amerika. Ndani ya Afrika kwenyewe hakuna mshale, au kuna kamoja tu kanashuka kusini basi. Mtu akiiangalia bila kuambiwa kitu atadhani wajanja wote walifunga mizigo wakasepa, waliobaki wakakaa chini ya mti kusubiri kugunduliwa. Na sisi tunaishea hiyo hiyo ramani na maneno "Afrika ndo chimbuko la binadamu" tunajisikia vizuri. Mimi hiyo stori inanikera, siyo kwamba ni ya uongo, ila inawafuata walioondoka tu.

Kwanza hao wenyewe hawakujua kama wanaondoka. Hakukuwa na mpaka wala mtu wa kugonga muhuri, watu walikuwa wanafuata wanyama na maji, mvua ikikata hapa wanasogea pale, mtoto anazaliwa mbele kidogo ya alipozaliwa baba yake. Kundi likisogea kilometa 1 tu kwa mwaka, ndani ya miaka 10,000 limeshamaliza kilometa 10,000 na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kujiona msafiri.

Na wengine walitoka mapema wakaishia hukohuko. Pale Israeli kuna pango linaitwa Misliya, limetoa taya la binadamu kama sisi la miaka karibu 180,000, na mapango ya Skhul na Qafzeh yana watu wa kuanzia kama miaka 120,000 hadi 90,000 hivi. Hao hawakuijaza dunia. Karibu watu wote wa nje ya Afrika leo wametokana na kundi lililotoka kati ya miaka 70,000 na 50,000 iliyopita, na lilikuwa kundi dogo, likaenda likachanganyika na Neanderthal huko, binadamu wa aina nyingine waliokuwa wakiishi Ulaya na Asia (ndo maana Mzungu au Mchina ana kama asilimia 2 ya hao jamaa ndani yake).

Hapo kwenye udogo wa kundi ndo penyewe. Ni kama umechota sahani moja ya pilau kwenye sufuria la harusi, huwezi kusema nyama zote zimeingia kwenye sahani yako. Sufuria lilibaki huku. Kuna utafiti ulitoka 2010 wa Wasan, wale wawindaji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, ukaonyesha kwamba Wasan wawili wanaweza kutofautiana kwenye vinasaba kuliko Mzungu na Mwasia. Sasa hapo mtu anakuja kukwambia "Waafrika wako hivi, Waafrika wako vile", Waafrika wapi bwana?

Waliobaki walikuwa wanafanya nini? Twende Kilifi. Kuna pango linaitwa Panga ya Saidi, watu wameishi humo na kurudi na kurudi tena kwa miaka kama 78,000, ukame ukaja ukapita, wao wapo. Humo ndani watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walikuta kaburi la mtoto wa miaka kati ya miwili na nusu na mitatu. Mifupa ilikuwa laini kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga, ikabidi wakate bonge zima la udongo walifunge kwa plasta, likaenda Nairobi, baadae Hispania kufunguliwa taratibu. Matokeo yakatoka 2021 na mtoto akapewa jina Mtoto, basi, hilohilo.

Walichokuta mle ndani mimi kilinikamata. Amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, mwili wa juu unaonekana ulikuwa umefungwa na kitu, labda majani au ngozi, na kichwa kimeinama kwa namna ambayo inaonyesha kiliwekewa kitu kama mto ambacho baadae kilioza. Ubavu wa kulia, kama sisi Waislamu tunavyozika, sisemi kuna uhusiano wowote miaka 78,000 nyuma, ila nilisoma hapo nikanyamaza kidogo. Kuna mtu alimtafutia yule mtoto mto wa kulalia. Ndo kaburi kongwe la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika nzima.

Alafu hawa waliobaki hawakuwa wamekaa sehemu moja. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga zaidi ya 1,500 kutoka Afrika Mashariki na Kusini, ikaonekana miaka 50,000 iliyopita watu wa huku na wa kule walikuwa wanatengeneza shanga karibu za aina moja, na katikati ni kama kilometa 3,000. Miaka kama 33,000 iliyopita ule uhusiano ukakatika, watafiti wanadhani hali ya hewa ilibadilika maeneo ya bonde la Zambezi. Huo mtandao wa watu ulikuwa ndani ya Afrika kwa Waafrika, na mshale wake hakuna aliyeuchora.

Mwaka huohuo ikasomwa DNA, yaani vinasaba, ya mtu aliyezikwa Mlambalasi, Iringa, kama miaka 18,000 iliyopita. Yeye na wenzake wa Kisese kule Kondoa, na wa Malawi na Zambia, wamebeba asili tatu kwa mpigo: ya watu wa Ethiopia ya kale, ya upande wa Wasan, na ya upande wa Wambuti wa misitu ya Kongo. Yaani watu walikuwa wametoka pande zote hizo wakakutana na kuzaa hapa kati maelfu ya miaka kabla ya shamba la kwanza kulimwa.

Kwanini hatuyasikii haya? Sababu kubwa ni joto. DNA inapenda baridi, huku kwetu inaoza haraka, kwahiyo Ulaya wamesoma mifupa ya maelfu ya watu wa kale na sisi tunahesabu ya kwetu kwa shida. Pesa nayo. Lakini sehemu nyingine ni sisi wenyewe, tukisikia Mlambalasi tunajua kaburi la Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe, tunaenda tunapiga picha tunarudi mjini. Mkwawa ni wa juzi, 1898. Walio Iringa mkienda tena ulizieni na lile pango la mwamba alikozikwa yule mtu wa kale, lipo maeneo hayohayo, ila msichimbe hata kwa masihara.