Wahispania hawachelewi kula

Wanafunzi wageni wanaofika Valencia, mji wa Hispania, wana lalamiko moja. Migahawa huanza kupakua chakula cha mchana saa saba na nusu au saa nane, na ukitafuta chakula cha usiku saa moja, utakuta jiko bado limefungwa. Halafu hufuata ile kauli kwamba Wahispania ni wavivu, watu wa kulala mchana. Nimesoma huko, nimekula nao, na kauli hiyo siikubali hata kidogo.

Tazama ratiba ya sala. Valencia wakati wa kiangazi, adhuhuri huingia saa nane imeshapita. Jua huwa utosini saa nane, si saa sita. Mji huo uko karibu kabisa na mstari wa Greenwich unaopita London, lakini Machi 1940 serikali ya Franco, dikteta wa Hispania wakati huo, ilisogeza saa mbele, Hispania ikaanza kufuata saa za Berlin hadi leo, na kiangazi huongezwa saa moja nyingine. Wareno, majirani zao, wako kwenye saa za London na hula mapema zaidi. Basi anayekaa mezani saa nane Valencia anakula adhuhuri, kama tunavyokula sisi.

Wala hawashindi na njaa mpaka wakati huo. Saa nne asubuhi mafundi, wastaafu na wahadhiri hujaa kwenye vijimgahawa kula mkate mrefu uliojazwa mayai na viazi, au ngisi, huku mezani pana zeituni na karanga zenye maganda. Mwislamu aulize kila mara, kwa kuwa nguruwe huingia hata kwenye dengu na maharage. Na asiseme tu kwamba hali nyama: anaweza kuletewa mboga zenye vipande vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, kwa kuwa wapo wasioihesabu kuwa nyama.

Lakini kilichonishika mimi ni wali. Mpunga hulimwa pembeni mwa mji, kandokando ya ziwa la Albufera, kilimo kilichoshamiri enzi za watawala Waislamu, kabla Mfalme Mkristo Jaime I hajauteka mji mwaka 1238. Wali wao maarufu ni paella, na paella ya wenyeji haina kamba wala chaza. Ni kuku, sungura, maharage mabichi bapa, maharage makubwa meupe, nyanya, zafarani na mafuta ya zeituni, ikipikwa kwenye kikaangio kipana, na ikiwezekana kwa kuni za michungwa. Maji yakishakauka, mpishi huuacha wali ushike chini kidogo. Huo ukoko wanauita socarrat, na watu wazima wanaugombea kwa vijiko vya mbao kama watoto wa Tanga wanavyogombea ukoko wa pilau. Huliwa mchana, hasa Jumapili na ukoo mzima. Ukiona wenyeji wanakaa kimya mgeni anapoagiza paella saa tatu usiku, ni adabu tu.

Siku za kazi kuna menú del día, utaratibu uliotokana na sheria za utalii za miaka ya 1960: chakula cha kwanza, cha pili, mkate, kinywaji, na kitamutamu au kahawa, vyote kwa bei moja. Ningependa kila mji wenye chuo uwe na kitu kama hicho. Mwanafunzi anakula mlo kamili meza moja na seremala, na hakuna anayemfukuza akimaliza. Bili haiji mpaka uiombe.

Nisichokikubali ni chakula cha saa nne usiku kesho yake kukiwa na kipindi saa mbili. Watoto wanalala wamechelewa, na wakubwa wanaenda kazini na usingizi. Mwaka 2013 kamati ya bunge lao ilipendekeza nchi irudi kwenye saa za Greenwich, na mimi naona ilikuwa sahihi.

Anayejiandaa kwenda huko asijifungie chumbani kupika tambi peke yake saa moja jioni. Marafiki atawapata mezani, saa nane, na hapo ndipo ale kizito. Usiku kipande cha mayai na viazi pamoja na saladi ya nyanya vinatosha.